Ndugu Msahihishaji

Mama Leticia hakuwa na nia ya kusoma kitu cha mtu. Alikuwa anapangusa meza ya chakula, asubuhi ya Jumamosi, akafika ilipo kompyuta ya mkwewe, akainyanyua kwa adabu ili apanguse chini yake, na kioo kikawaka. Palikuwa na maandishi. Neno la kwanza lilikuwa "Karibuu".

Akaiweka chini. Akapangusa upande wa pili wa meza. Akarudi. Mstari wa pili ulikuwa na "mwongozi" mahali pa "mwongozo", na wa tatu uliishia kwa nukta mbili, kana kwamba moja isingetosha kumsimamisha msomaji. Alipofika mwisho wa ukurasa kitambaa kilikuwa kimemkaukia mkononi, na alikuwa amehesabu makosa kumi na manne.

Wiki sita kabla ya hapo daktari alikuwa amemtoa mtoto wa jicho, kwanza la kulia kisha la kushoto, na tangu bandeji zitoke dunia ilikuwa imemrudia pamoja na makosa yake yote. Alikuja Tanga kutibiwa tu, akae kwa binti yake pale Mabawa wiki tatu, halafu arudi Muheza. Sasa mwezi wa tatu ulikuwa unaingia na bado hajashiba kuona. Alikuwa ameshasahihisha karatasi ya ratiba ya kwaya ya kigango, kalenda ya duka la dawa, na bango la jirani yao Mwamvua lililosema "Vitumbua vya Mtoto" ilhali vilikuwa vya moto. Miaka ishirini na tisa alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge, na barua iliyotoka mikononi mwake haikuwahi kurudishwa kwa sababu ya herufi.

"Mama, chai," Ritha aliita kutoka jikoni.

"Nakuja. Mumeo anaandika nini hapa?"

Ritha alitokea akiwa bado na sare ya uuguzi, ametoka zamu. Akatazama kioo, akatazama mlango wa chumbani ambako mumewe alikuwa bado hajatoka, akashusha sauti.

"Ndiyo hiyo kazi yake, Mama. Majira."

Majira ilikuwa maktaba, lakini isiyo na vitabu. Ritha alieleza kama alivyokuwa ameelezwa: ni kipande cha programu kilichokwisha tengenezwa, ambacho waandishi wengine wa programu wanakichukua na kukitia ndani ya kazi zao wasihangaike kuanza upya. Kazi yake ni moja. Mtu akiandika "saa mbili asubuhi", Majira inaigeuza kuwa 08:00, namba ambayo mashine inaielewa. Pamoja nayo huenda mwongozo wa kueleza namna ya kuitumia, na mwongozo wenyewe ndio huo uliofunguka kwa "Karibuu".

Bryson akatoka chumbani, simu mkononi, uso umemshuka. Alikuwa kijana wa Lushoto, mrefu, mpole kupita kiasi. Kampuni iliyomwajiri Dar es Salaam ilifunga mlango mwaka uliopita, na kwa miezi minane nyumba ilikuwa ikienda kwa mshahara wa Ritha. Hata bando la intaneti alikuwa akimwomba mkewe, na akiomba hutazama sakafu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama, Mama." Akamgeukia mkewe. "Bi Tausi wa Pangani amejibu."

Bi Tausi alikuwa ndiye anayesimamia mifumo ya kompyuta ya zahanati tisa za shirika moja huko Pangani. Alitaka programu ya kuwatumia wagonjwa ujumbe wa kuwakumbusha siku na saa ya kliniki, na kwa mwezi mzima Bryson alikuwa akingoja neno lake. Akausoma ujumbe wenyewe kwa sauti ya mtu anayejisomea hukumu:

"'Kaka Bryson, asalaam aleikum. Nimesoma ukurasa wa kwanza wa mwongozo wako nikakuta makosa kumi na moja. Nikajiuliza, kama maandishi yako hivi, huko ndani kukoje. Lakini sikukatii tamaa. Alhamisi nitawapa vijana wangu wawili huo mwongozo waufuate wenyewe. Wakimaliza bila kukupigia simu, tunasaini mwaka mmoja. Wakikupigia, tutakuwa tumeachana kwa wema.'"

"Kumi na manne," alisema Mama Leticia.

"Nini, Mama?"

"Ameona kumi na moja. Yako kumi na manne. Huyo Bi Tausi naye ana haraka."

Wote wakamgeukia. Kisha Ritha, ambaye alikuwa amekesha na wagonjwa na hakuwa na nguvu ya kuzunguka mambo, akasema, "Bryson, mpe Mama hiyo kazi."

Katika malezi ya Bryson mama mkwe haambiwi hapana. Siku moja mama huyu alimpakulia makande mara tatu na akayala mara zote tatu, kisha akalala mchana kutwa kama chatu. Basi akasema, "Nitashukuru, Mama."

* * *

Alipewa kompyuta kuukuu ya Bryson, iliyong'oka herufi Q, ambayo Kiswahili hakina haja nayo. Ritha alimwonyesha mtandao ambako waandishi wa programu huweka kazi zao hadharani, akamfungulia ukurasa wake mwenyewe, jina lake juu: Leticia. Akamwonyesha kitufe cha kuhifadhi. Hayo yakamtosha.

Jamani, yule mama alifanya kazi. Alivuta kiti, akaweka mto mgongoni, akanyoosha vidole kumi vyote, na kuanzia saa tatu asubuhi nyumba ilisikia mvua ya herufi. Alitoa "ku sababu" akaweka "kwa sababu". Aliunganisha kilichotenganishwa na kutenganisha kilichoshikana. Aligundua kuwa Bryson hajui tofauti ya "hivyo" na "hivo", na alimsamehe. Vichwa vya habari vilivyokuwa vimeyumba, vingine vikubwa, vingine vidogo, alivipanga safu moja. Kila alipomaliza ukurasa alisema "Bado," akimaanisha bado zipo, naye alifurahi kwamba bado zipo.

Jioni alikwenda kwa Mwamvua kununua vitumbua, akatembea kama mtu mwenye miadi.

"Nina kazi," alimwambia.

"Kazi gani tena na umri huo, mama Ritha?"

"Ya kompyuta."

Mwamvua aligeuza kitumbua, akakitazama kisha akamtazama yeye. "Haya makubwa. Na mie nimekaa hapa na kikaango."

"Nasahihisha maktaba."

"Ipi? Ile ya mjini?"

"Hii ya kwetu," alisema Mama Leticia, akachukua vitumbua vyake sita akaondoka kabla hajaulizwa zaidi, maana zaidi ya hapo hakuwa na uhakika.

Jumapili baada ya misa alimaliza. Kurasa ishirini na mbili, masahihisho mia tatu na kumi na mawili. Alikunja mikono mapajani akamwita mkwewe aje aone. Bryson akaja, akainama kwenye kioo, akasoma. Ukurasa wa kwanza ulimfanya atabasamu. Kwenye wa pili tabasamu likabaki mahali pake, lakini halikuwa na mtu ndani.

"Asante sana, Mama," alisema. "Asante. Kwa kweli."

Akaingia jikoni. Ritha alikuwa anachambua mchicha. Bryson alifunga mlango nyuma yake, akaegemea.

"Ameua kila kitu," alinong'ona.

"Nani?"

"Mama. Amesahihisha na msimbo." Msimbo ndiyo ile mifano ya maagizo kwa mashine, iliyowekwa ndani ya visanduku vya rangi ya kijivu ili msomaji ainakili ilivyo. "Mimi nimeandika majira.soma, herufi ndogo, zimeshikana. Yeye ameweka Majira, herufi kubwa, nukta, nafasi, Soma. Mwisho ameweka kituo. Alama za kufungua na kufunga semi amezipinda zikawa nzuri kama za gazeti. Vistari vya chini amevifuta vyote, anasema ni uchafu. Ritha, hakuna hata mfano mmoja utakaofanya kazi. Alhamisi watanipigia simu dakika ya pili."

Ritha alijaribu kusikitika. Alijaribu kwa bidii, akakaza midomo, akatazama mchicha. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akajifunika uso kwa upande wa khanga.

"Si jambo la kucheka."

"Mwambie basi."

"Nimwambie mimi?"

"Nani mwingine? Ni kazi yako."

"Ni mama yako." Bryson alishika kichwa. "Nitamwambiaje mkwe wangu kuwa ameharibu? Amekaa pale amenyooka kama siku ya kipaimara. Nitayarudisha yale ya msimbo polepole, moja moja. Haya mengine ni mazuri mno. Hatajua."

* * *

Ila aliyekuwa amefanyiwa hila hiyo alikuwa na macho mapya.

Jumatatu asubuhi Mama Leticia alipitia kazi yake kwa raha, kama mtu anavyopita nyumba aliyoifagia, akakuta kistari cha chini kimerudi. Akakifuta. Mchana kilikuwepo. Akakifuta. Akakuta na zile alama za semi zimenyooka tena, ngumu kama misumari. Akazipinda. Saa kumi zikawa zimenyooka. Alidhani mashine ina ugonjwa. Akabofya huku na huku kutafuta, na ndipo alipoangukia ukurasa ulioorodhesha kila kilichobadilishwa, nani amebadilisha, saa ngapi. Mashine ilikuwa imeandika yote bila huruma: Bryson amerudisha mabadiliko ya Leticia. Bryson amerudisha mabadiliko ya Leticia. Bryson amerudisha.

Alihesabu. Mara arobaini na moja.

Uso ukamwaka moto. Meneja wa shamba, enzi hizo, alikuwa mtu mkali. Aliwahi kukunja barua ya karani mwingine akaitupa mbele ya watu. Lakini alisema kwa nini. Huyu hapa alikuwa amemwambia asante, asante kwa kweli, kisha amekaa chumbani akifuta nyuma yake kama watu wanavyofuta nyayo za mtoto aliyeingia na matope. Na yeye mwenyewe alikuwa ameshamwambia Mwamvua kuwa ana kazi.

Mezani hakuonekana. Ritha alimfuata chumbani kwake, akamkuta ameketi kitandani na mkoba wake wa safari miguuni. Mkoba ulikuwa mtupu, lakini ulikuwa wazi.

"Mama, chakula."

"Kuleni. Mimi nimeshiba masahihisho."

Ritha alielewa. Akaketi kando yake. "Umeona."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Mumeo ananirudisha kama chupa tupu za soda, mara arobaini na moja, na asubuhi ananipa shikamoo. Kwa nini hakuniambia?"

"Hawezi, Mama. Wewe ni mkwe wake. Anakuheshimu."

"Kwa hiyo heshima yangu ndiyo ya kudanganywa." Hakupaza sauti. "Ofisini niliheshimiwa, Ritha. Nikikosea naambiwa Leticia, hapa umekosea, piga upya. Napiga upya. Mchana tunakula pamoja. Sasa nimekuwa mzee, nikikosea naambiwa asante."

Kutoka chumba cha pili zilisikika hatua za Bryson, anakwenda na kurudi. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya chumbani, sebuleni wanaitikia.

"Hawezi kukwambia kwa mdomo," Ritha alisema mwishowe. "Lakini kule kwenye mtandao, chini ya kila sahihisho, pana nafasi ya kuandikiana. Ndipo wenye kazi wanapobishana. Umewahi kuona pale?"

Mama Leticia hakuwahi. Alitazama mkoba. Kisha akatazama vidole vyake.

"Nionyeshe," alisema.

* * *

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi Bryson alifungua kompyuta chumbani akakuta barua.

"Ndugu Mwandishi. YAH: KURUDISHWA KWA MASAHIHISHO AROBAINI NA MOJA. Rejea somo tajwa hapo juu. Ofisi hii imebaini kuwa masahihisho yake yamekuwa yakirudishwa pasipo maelezo. Unatakiwa kueleza, kwa maandishi, sababu za kila moja. Wako katika ujenzi wa taifa, Leticia, Msahihishaji."

Alisoma mara mbili. Upande wa pili wa ukuta kiti kililia, maana yake amekaa, anangoja. Bryson alijikuna kichwa, akajikuna shingo. Kumwandikia mama mkwe "umekosea" hakuwezekani. Lakini barua haikuwa imetoka kwa mama mkwe. Ilikuwa imetoka kwa Msahihishaji, na huyo hakuwahi kumpakulia makande. Vidole vikaanza vyenyewe.

"Ndugu Msahihishaji. Barua yako imepokelewa kwa unyenyekevu. Naomba kueleza kuwa yaliyomo ndani ya visanduku vya kijivu si Kiswahili wala si sentensi. Ni maagizo kwa mashine, ambayo ni mjinga asiyesamehe. Ukiiwekea herufi kubwa haijui unasema na nani. Ukiiwekea alama zilizopinda inazira. Msahihishaji amekosea mara arobaini na moja. Wako mtiifu, Mwandishi."

Akatuma kabla hajajizuia, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

Halafu, kupitia ukuta, alisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa miezi miwili ya kuishi nyumba moja na yule mama: alikuwa anacheka, polepole, kwa tumbo, kama mtu anayekumbuka utani wa ujana.

Jibu likaja. "Ndugu Mwandishi. Maelezo yameeleweka. Ofisi inakiri makosa thelathini na tisa. Mawili inayapinga. Kwanza, kistari cha chini ni cha nini?"

"Ndugu Msahihishaji. Mashine haitaki nafasi katikati ya jina. Kistari kinashika maneno mawili yasiachane."

"Sawa. Makosa ni arobaini. La mwisho: neno 'rudhisha'. Halimo katika Kiswahili. Nilidhani unataka 'ridhisha', kumbe ni 'rudisha'. Ofisi hii haiwezi kuliacha."

Bryson alifumba macho. "Ndugu Msahihishaji. Ni kweli. Mwandishi alikosea siku ya kwanza, mwaka juzi, akiwa na usingizi. Lakini programu imeshalijua agizo kwa jina hilo, na watu sitini wanaoitumia wamelizoea. Tukilibadilisha kazi zao zitaanguka. Kosa limekuwa jina."

"Ndugu Mwandishi. Nilikuwa na karani aliyeandikwa Abrahmu katika kitambulisho. Tulimwita Abrahamu na mshahara alipata kwa yote mawili. Mashine yako haiwezi kuitika mara mbili?"

Mwandishi akakaa. Akatazama dari. Kisha akafungua programu yenyewe, akaandika mistari minne, akaijaribu, na Majira ikawa inaitika "rudisha" na "rudhisha" vilevile. Jambo la dakika sita, na kwa miaka miwili alikuwa akiona aibu tu.

"Ndugu Msahihishaji," aliandika, "imewezekana. Ushauri wako umezingatiwa."

Ritha alirudi kutoka kazini mchana akakuta nyumba haina chakula. Mama yake alikuwa sebuleni akigonga herufi, machozi ya kicheko yanamtoka. Mumewe alikuwa chumbani amelala kifudifudi kitandani, mgongo unatikisika. Mezani palikuwa na mkate. Alikata kipande, akala amesimama, na hakuuliza mtu.

* * *

Kufika Jumatano walikuwa na kanuni. Cha nje ya kisanduku ni cha Msahihishaji, na Mwandishi hana kauli. Cha ndani ya kisanduku ni cha Mwandishi, na Msahihishaji haweki mkono. Wakikutana kwenye korido ilikuwa shikamoo Mama, marahaba baba, macho chini kama kawaida, na kila mmoja akikaza mashavu.

Alasiri, akiupitia mwongozo mara ya pili, Mama Leticia alifika ukurasa wa kumi na tisa. Palikuwa na kisanduku cha kijivu chenye mifano ya usiku. Wa kwanza ulisema saa mbili usiku ni 02:00. Wa pili ulisema saa nane usiku ni 20:00.

Alisoma. Akahesabu kwa vidole. Akaandika: "Ndugu Mwandishi, ukurasa wa kumi na tisa, kisanduku cha pili, ofisi ina wasiwasi."

Jibu likaja hapo hapo. "Ndugu Msahihishaji, ndani ya kisanduku haguswi mtu. Tulikubaliana."

"Mwandishi asome kwanza."

"Mwandishi ameandika mwenyewe. Anajua kilichomo."

Mama Leticia alivua miwani ya kusomea. Alifikiria mwanamke wa kijijini huko Pangani, simu inalia saa nane usiku, anaruka kitandani akidhani amefiwa, kumbe ni zahanati inamkumbusha kumpeleka mtoto kliniki. Akasimama. Akaenda hadi mlango wa chumba cha binti yake na mkwewe, mlango ambao kwa adabu hakuwahi hata kuusogelea, akasimama hatua moja nyuma.

"Bryson," aliita. Hakumwita baba.

Ndani kiti kilianguka. Mlango ukafunguka nusu, Bryson ametokeza kichwa, macho yametoka.

"Mama?"

"Saa nane usiku wewe unakuwa wapi?"

"Nimelala, Mama."

"Mwongozo wako unasema saa hiyo unakula chakula cha jioni. Na saa mbili, tunapokuwa mezani wote, unasema ndiyo usiku wa manane. Nimeuliza kwa barua nimeambiwa haguswi mtu."

Bryson alirudi ndani. Alisoma. Programu yenyewe ilikuwa sahihi, ila yeye alikuwa amepishanisha namba mbili wakati wa kuiandika mifano, na tangu mwaka juzi watu sitini wameipita bila kuona. Vijana wa Bi Tausi wangeinakili ilivyo kwa ajili ya zahanati tisa. Alibadilisha namba zile mbili, kisha akaja tena mlangoni. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Niandikie," alisema Mama Leticia kwa upole, akarudi kitini kwake.

Dakika moja baadaye: "Ndugu Msahihishaji. Mwandishi amekosea. Mara moja, lakini ni kubwa kuliko arobaini yako. Asante. Kwa kweli."

Safari hii aliiamini asante ile.

* * *

Alhamisi ilikuwa siku ya kungoja simu isilie, na hakuna aliyewahi kufundishwa namna ya kungoja kitu cha namna hiyo. Ritha alibadilishana zamu ili awepo. Simu ya Bryson iliwekwa katikati ya meza, juu ya sahani, kama samaki wa mgeni. Walikaa watatu wakaitazama.

Saa tatu ikalia. Bryson aliruka akapiga goti kwenye meza. Alikuwa mwalimu wa kwaya, Yona, anauliza kama Mama Leticia ataisahihisha na ratiba ya Pasaka. Saa nne na robo ikalia tena, namba ngeni. Mtu alikuwa anatafuta fundi wa friji aitwaye Godlisten. Bryson alimjibu kwa upendo ambao yule mtu hakuutarajia, akamtakia amwone fundi wake upesi. Saa sita walikula ugali na dagaa huku jicho moja likiwa kwenye sahani ya katikati. Saa saba Mama Leticia akasema, "Labda haina chaji," wakaiangalia, ilikuwa na chaji. Saa nane Ritha akaanza kucheka bila sababu, mumewe akafuata, na mama akawaonya kuwa wataichokoza.

Saa tisa na nusu ikalia. Jina lilikuwa kwenye kioo, herufi kubwa: BI TAUSI PANGANI.

Bryson alinyong'onyea. "Wamekwama," alisema, akabonyeza kipaza sauti kwa kidole kilicholegea.

"Kaka Bryson, hujambo. Uko salama?"

"Salama, dada. Poleni. Wamekwama wapi?"

"Nani amekwama? Vijana walimaliza saa tano wakaenda kuogelea. Mie ndo nilikuwa na kikao hadi sasa." Sauti yake ilikuwa ya mwambao, haina haraka. "Mwongozo umekuwa mwingine kabisa. Nimeusoma mwenyewe toka mwanzo hata mwisho sijakuta kosa, na mie ni mtu wa kutafuta. Mkataba nitautuma kesho. Ila n'na swali. Huyu aliyesahihisha ni nani? Maana nimeona barua zenu kule chini. Nimecheka hadi wenzangu wakaja kunitazama."

Bryson aligeuka rangi. Hakuwa amefikiri kwamba zile barua zilikuwa hadharani, kwamba dunia nzima inaweza kuzisoma. Mama Leticia naye alikuwa amejishika kifua, lakini macho yake mapya yaling'aa.

"Ni Msahihishaji wetu," Bryson alisema. "Yuko hapa."

"Alhamdulillahi. Bibie, sisi tuna miongozo yetu wenyewe, ya wauguzi, namna ya kutumia mfumo. Kurasa mia moja na thelathini. Aliyeiandika, Mungu amsamehe. Mtaweza kutusafishia? Tutalipa pembeni ya mkataba. Itawachukua muda gani?"

"Siku nne," alisema Mama Leticia papo hapo.

"Mama, hapana," alisema Bryson.

Lilimtoka zima, wazi, kwa mdomo, mbele ya mkewe na mbele ya mgeni simuni. Ritha aliganda na glasi ya maji njiani. Bryson mwenyewe alionekana kama mtu aliyeangusha kitu cha udongo na bado anangoja kisikike chini. Lakini kwa kuwa lilishatoka akaona alimalizie, akamtazama mama mkwe wake usoni, akaendelea.

"Siku nne haiwezekani. Ndani mna picha, mna majedwali, mna misimbo. Ukiharakisha utakosea. Ni wiki tatu."

Mama Leticia alimtazama mkwewe. Alimtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Bi Tausi huko Pangani akasema, "Halo?" Alijisikia amekaa sawasawa kitini, mabega yamenyooka, mwepesi, kama enzi za ofisini alipokuwa akiambiwa, Leticia, hapa umekosea, piga upya.

"Andika wiki tatu," alimwambia Bi Tausi. Kisha akamgeukia Bryson. "Na mbili za kwanza mimi ndiye nitakayeshika kompyuta nzuri."

"Wiki moja, Mama," alisema Bryson.